Kabla ya Kulipia Mkanda: Judo, Ngumi na Karate kwa Mtu wa Matombo

Ubishi wa kijiweni kuhusu mchezo upi wa mapigano ni mkali zaidi hauishi, kwa sababu wabishi wenyewe hawalipii chochote. Anayelipa ni mwingine: kijana wa Matombo aliyeuza ndizi au pilipili manga zake, au mzazi aliyebanwa na binti anayetaka kujua kujilinda kabla hajaenda kupanga chumba Morogoro mjini. Huyu hana haja ya kujua nani angeshinda kati ya mcheza judo na bondia. Anataka kujua fedha yake itampa nini, na kama mchezo wenyewe unafundishika kwenye miteremko ya Uluguru, ambako hata kupata kiwanja cha mpira kilicho sawa ni kazi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Judo ndiyo inayorudisha faida kubwa kuliko michezo mingine yote nitakayoitaja, lakini bei yake halisi haipo kwenye nguo wala kwenye ada ya mwezi. Ipo sakafuni. Asiye na sakafu ya kuangukia asinunue judo, hata akipewa bure.

Tuanze na hatari yenyewe. Mtu wa huku anajikinga na nini? Ya kwanza ni roba. Unashuka stendi ya Msamvu mjini Morogoro usiku, mtu anakuja kwa nyuma, mkono shingoni, mwenzake anapapasa mifuko. Ya pili ni ugomvi wa kilabuni, ambao mara nyingi watu hukamatana mashati na kusukumana kabla ngumi ya kwanza haijarushwa. Ya tatu ni panga, maana kila mtu anatoka nalo shambani. Ya nne haitajwi kijiweni kabisa, nayo ndiyo inayoumiza wengi: kuanguka. Utelezi wa masika, mkungu wa ndizi kichwani, bodaboda inayoteleza kwenye kona ya udongo.

Panga niliondoe haraka. Hakuna mchezo unaouzwa popote ambao utakufanya uwe salama mbele ya mtu mwenye panga na nia ya kulitumia. Mwalimu anayekufundisha kumnyang'anya mtu panga kwa mikono mitupu, tena katika mwezi wa kwanza, anakuuzia filamu. Unakimbia, unapiga kelele, na kama huwezi kukimbia unaweka kitu kati yenu. Mbio za kupanda mlima ni bure.

Kwenye roba na kukamatana, judo iko nyumbani. Mcheza judo hushikwa nguo na kukabwa shingo kila siku ya mazoezi, na mtu asiyetaka kumwachia. Kabali ikikaa vizuri humzimisha mtu kwa sekunde kama 10 hivi, na aliyeionja mazoezini mara nyingi anajua kidevu akifiche wapi, mkono aushike upi, na lini ageuke. Bondia hajawahi kuionja. Wa karate huenda aliionyeshwa mara moja, na mwenzake aliyekuwa akimwonea huruma.

Hapa ndipo ilipo siri ya judo, na inashangaza kidogo. Mwaka 1882 Jigoro Kano, kijana wa miaka 21, alifungua chuo chake cha Kodokan katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo, kwenye chumba cha mikeka 12. Alikuwa amejifunza jujutsu za zamani, zilizojaa mbinu za kuvunja vidole na kupiga sehemu za hatari. Tatizo la mbinu hizo ni kwamba huwezi kuzifanya kwa nguvu zote bila kumlemaza mwenzako, kwa hiyo wanafunzi waliishia kuziigiza. Kano akaziondoa kwenye mapambano ya mazoezi na kubakiza zile ambazo watu wawili wanaweza kushindana kwa nguvu zao zote, wakainuka na kurudia tena. Mbinu za hatari zilipopunguzwa, watu wakawa hodari zaidi, kwa kuwa walichobaki nacho walikifanya kweli kila siku dhidi ya mtu anayekataa. Ukiwa unachagua klabu yoyote, ya mchezo wowote, hilo ndilo swali la kwanza: hapa watu hupambana kweli, au hupiga hewa kwa mpangilio?

Ubishi wa judo na ngumi una kesi zake zinazojulikana. Mwaka 1963 huko Salt Lake City, Marekani, mcheza judo Gene LeBell alipanda ulingoni na bondia Milo Savage, baada ya mwandishi mmoja kuahidi dola 1,000 kwa mcheza judo atakayemshinda bondia. Raundi ya nne Savage alikuwa amelala, amezimishwa kwa kabali. Wapenzi wa judo huishia hapo. Lakini Savage alikuwa amevaa koti la mazoezi, na koti kwa mcheza judo ni mpini. Nusu karne baadaye Ronda Rousey, mshindi wa medali ya shaba ya judo Beijing 2008, alitawala mapambano mseto ya wanawake mpaka Novemba 2015 mjini Melbourne, alipokutana na Holly Holm, aliyewahi kuwa bingwa wa ngumi. Holm hakukaa mahali akamatwe. Alizunguka, akapiga, akatoka, na katika raundi ya pili alimwangusha kwa teke la kichwa.

Kesi hizo mbili ukizisoma pamoja zinakupa kanuni ya kutumia: judo hutegemea nguo na ukaribu, ngumi hutegemea nafasi na miguu. Sasa zilete Matombo. Ndani ya Hiace iliyojaa, kilabuni, kwenye njia nyembamba yenye korongo upande mmoja, nafasi ya kuzunguka kama Holm haipo. Hapo judo ina haki. Kuhusu nguo, fulana nyepesi ya Januari huchanika mkononi, ila Julai, vijiji vya juu vinapojifunika sweta na makoti, mcheza judo ana kila kitu anachohitaji. Nafanya mzaha kidogo, lakini si sana. Klabu nzuri hutenga muda wa kufundisha kushika kiwiliwili, shingo na mkono mtupu bila nguo. Uliza kama yenu hufanya hivyo, hasa kwa sababu kuanzia mwaka 2010 Shirikisho la Judo la Kimataifa lilianza kuzuia kushika miguu moja kwa moja mashindanoni, na klabu nyingi zikaacha kabisa kuifundisha. Mlevi wa kilabuni hajasoma kanuni hizo. Atakuvamia miguuni.

Kuna gharama nyingine ambayo wanaohesabu ada na nguo huisahau: gharama ya kushinda ugomvi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakuruhusu kujitetea, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Ukimpasua mtu mdomo, ataenda kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3, na kuanzia hapo wewe ndiye unayeulizwa maswali. Mcheza judo anaweza kumshika mtu chini mpaka watu waje kuwaamua, bila tone la damu. Bondia hana namna hiyo. Chombo chake ni kimoja tu. Isitoshe, ngumi isiyovaa glovu ikigonga fuvu la mtu huvunja mfupa wa kiganja, na mkono ukiwa kwenye plasta msimu wa palizi, hasara yake unaijua kuliko mimi. Ila mcheza judo naye asijidanganye. Mweleka unaomwacha mwenzako akihema kwenye mkeka unaweza kumuua kwenye mawe ya Matombo.

Na hapo tunarudi kwenye sakafu. Profesa Ryo Uchida wa Japani alikusanya kumbukumbu za vifo vya wanafunzi katika judo ya shuleni kuanzia mwaka 1983, na akakuta zaidi ya watoto 100 waliokufa katika kipindi cha miaka isiyofika 30. Wengi walikuwa wanaoanza, waliogonga kisogo au ambao ubongo ulitikisika kwa mieleka ya kurudiwarudiwa, damu ikavujia ndani ya fuvu. Hiyo ni nchi iliyozaa mchezo wenyewe, yenye mikeka na walimu. Kwa hiyo mtu akikwambia atafundisha watoto judo kwenye uwanja wa shule uliokanyagwa mpaka ukawa kama saruji, usimshukuru kwa kujitolea. Mkatalie.

Mikeka ya kisasa ya judo huja kwa vipande vya mita 2 kwa 1. Eneo dogo kabisa la mashindano ya kimataifa ni mita 8 kwa 8, na pembeni mita 3 za usalama kila upande, jumla mita 14 kwa 14. Hivyo ni vipande 98. Hakuna klabu ya kijijini inayohitaji hivyo. Mita 6 kwa 6 zinatosha jozi mbili au tatu kwa wakati mmoja, yaani vipande 18, lakini hata 18 ni fedha ya kununulia pikipiki. Wengi hukimbilia godoro la sponji. Ni kosa. Godoro hukufanya usiogope kuanguka, lakini mguu unazama, mwili unageuka, kifundo kinabaki pale pale.

Njia ya zamani, iliyotumika kwenye klabu za nchi nyingi kabla ya mikeka ya viwandani, ni fremu ya mbao iliyojazwa maranda, juu yake turubai lililovutwa likakaza kama ngozi ya ngoma. Huku kwetu maranda yapo kwa mafundi seremala, na pumba za mpunga zipo kwenye mashine za kukoboa za upande wa Mvuha. Fremu ya mita 6 kwa 6 yenye kina cha sentimita 15 inameza mita za ujazo 5.4 za pumba zilizoshindiliwa. Ujazaji wenyewe si gharama. Gharama ni turubai zuri, mbao, na paa. Paa ni lazima. Upande huu wa mashariki wa Uluguru ndio unaopokea upepo wa mvua kutoka Bahari ya Hindi, na pumba zikilowa mara moja huota ukungu, zikiachwa hukaribisha panya na mchwa. Ukumbi wa shule au wa parokia ungemaliza nusu ya bajeti. Matombo ina misheni ya zamani na ina sekondari. Anayetaka kuanzisha judo aanze kwa kuomba ukumbi, nguo zitafuata.

Ngumi zina jambo moja ambalo judo haina hapa Morogoro: zipo. Mji huu umezoea masumbwi. Francis Cheka alitokea hapa, na Agosti 2013 alimshinda Mmarekani Phil Williams jijini Dar es Salaam na kutwaa mkanda wa dunia wa WBF. Twaha Kiduku naye ni wa hapa hapa. Kijana akitaka kujifunza ngumi hapati shida ya kumpata mtu aliyewahi kupigana kweli, na vifaa vyake ni rahisi: kamba, bandeji za mikono, glovu, mfuko uliojazwa matambara na mchanga kidogo, ukaning'inizwa kwenye mwembe. Miezi michache tu mtu anajua kuweka mikono juu, kutunza umbali na kutopepesa macho anapopigwa. Kwa kasi ya kupata ujuzi unaofaa, hakuna mchezo unaozifikia. Lakini bei yake ya mwisho hulipwa na kichwa. Judo iliyofundishwa vizuri inajitahidi kichwa kisiguswe. Ngumi zimejengwa juu ya kukigonga. Binafsi, mwanangu angeruhusiwa kupiga mfuko na kufanya mazoezi mepesi ya kugusana. Ulingoni, hapana.

Karate nitaipitia kwa upesi, ingawa ndiyo yenye wafuasi wengi. Ina mizizi mirefu nchini: tangu miaka ya 1970 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyehamia Tanzania, alifundisha mtindo wa Goju-ryu katika Shule ya Zanaki, Dar es Salaam, kwenye dojo iliyoitwa Hekalu la Kujilinda, na wanafunzi wa wanafunzi wake wametawanyika mikoani. Sifa yake kubwa kwa mtu wa Matombo ni kwamba haihitaji chochote. Uwanja wowote, miguu peku, mwalimu mmoja kwa watoto 40. Nidhamu inayojengeka ni ya kweli. Udhaifu wake ni ule ule alioukimbia Kano: klabu nyingi hushinda zikipiga hewa, na siku mtu anapokushika kola, kata zote ulizokariri, yaani ile mipangilio ya mapigo, hazikumbuki kola. Ukiikuta klabu ya karate ambako watu hugusana kwa nguvu ya kiasi na kushikana, ichukue bila kusita. Taekwondo ina hesabu ile ile, pamoja na mateke ya juu, ambayo kwenye udongo wa mteremko ni njia ya kujiangusha mwenyewe. Kungfu imeuzwa zaidi na mabanda ya video, enzi za mtafsiri Lufufu akizitia filamu za kigeni sauti yake ya Kiswahili, kuliko na walimu.

Jujutsu ya Kibrazili, ambayo ubishi wa vijana wenye simu hauwezi kuisha bila kuitaja, ni mjukuu wa judo. Mitsuyo Maeda wa Kodokan ndiye aliyeipeleka Brazil, na mwaka 1951 Masahiko Kimura alimshinda Hélio Gracie uwanjani Maracanã kwa mbinu ya mkono ambayo hadi leo inaitwa kimura. Jujutsu hii ni nzuri mno chini, kati ya mtu na mtu. Ila kilabuni aliyelala chini hupigwa mateke na rafiki wa mpinzani wake. Judo inakufundisha kumwangusha mtu na wewe ubaki umesimama, na hiyo tofauti ina thamani.

Sasa nauli, maana ndiyo inayoamua mengi. Kijana wa Matombo akifuata mazoezi Morogoro mara mbili kwa wiki, anapita Mkuyuni, Kiroka na Bigwa mara 4 kwa wiki, 16 kwa mwezi. Tuseme nauli ni shilingi 5,000 (weka ya kwenu ya leo mahali pake): ni 80,000 kwa mwezi kabla hajalipa ada, na bado hajajibu swali la atarudije usiku. Vijana 10 wakifanya hivyo ni 800,000 kwa mwezi. Geuza hesabu. Mwalimu mmoja apandishwe kila Jumamosi kwa nauli ya 10,000 kwenda na kurudi na posho ya 30,000. Kwa Jumamosi 4 ni 160,000, kila kijana 16,000. Siku zilizobaki mnafanya mazoezi wenyewe. Kwa hesabu hii hata judo, ambayo bara imekaa zaidi Dar es Salaam na kwenye timu za majeshi, inaanza kufikika: askari wa Polisi, Magereza au JKT aliyewahi kuicheza, akiwa amepangiwa au amestaafu mkoani, ni wa thamani kuliko tangazo lolote. Chama cha Judo Tanzania ndicho cha kuuliza. Visiwani mambo ni tofauti. Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amekuwa akifundisha judo Zanzibar tangu miaka ya 1990, na huko mtoto wa mtaani anaweza kukua nayo.

Nguo usizihofie. Koti la judo ni zito na lenye kola nene ili livutwe bila kuchanika, na jipya ni ghali, lakini fundi cherehani anayejua kushona mara mbili mbili kwenye kitambaa kigumu ataliiga vizuri kwa mazoezi. Koti jembamba la karate lililopatikana mitumbani halifai. Litabaki vipande kabla ya mwezi kuisha. Mikanda ya rangi ndiyo mtego. Kano alianza na ngazi chache sana; mlolongo wa njano, chungwa, kijani na bluu ulienea Ulaya, ambako wanafunzi walitaka kuona hatua zao. Siyo vibaya, lakini mwalimu anayekuambia bei ya mtihani wa mkanda kabla ya kukuambia utakavyoanguka anajua biashara yake ipo wapi.

Mwalimu mchunguze kuliko mchezo. Popole Misenga na Yolande Mabika, wacheza judo kutoka Bukavu waliolelewa Kinshasa baada ya vita kuwatenganisha na familia zao, waliomba hifadhi Brazil mwaka 2013 wakati wa mashindano ya dunia, na mwaka 2016 wakashiriki Olimpiki ya Rio katika timu ya wakimbizi. Walisimulia kwamba wakishindwa, makocha wao waliwafungia kwenye kizimba na kuwapunguzia chakula. Misenga alishinda pambano lake la kwanza Rio, ila judo hiyo hiyo ilikuwa imemtesa. Mzazi akae pembeni ya mkeka mazoezi kadhaa, hasa kama mwanafunzi ni binti, na mwalimu asiyetaka mzazi akae pembeni ameshajibu swali. Kuhusu ndoto ya kupanda ndege, Andrew Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika judo, uzito wa kilo 73, Olimpiki ya Paris 2024, akatolewa na Mfaransa Joan-Benjamin Gaba, aliyemaliza na medali ya fedha. Njia ipo. Ni nyembamba, na hupita Dar es Salaam.

Faida inayonifanya niiweke judo mbele ni ile isiyoonekana kwenye video. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo 684,000 kila mwaka vinavyotokana na kuanguka. Kati ya ajali zisizokusudiwa, ni zile za barabarani tu zinazoua zaidi. Somo la kwanza la judo ni kuanguka: kidevu kifuani, mgongo umeviringika, mkono unapiga chini kabla ya kisogo, usinyooshe kiganja kuzuia. Hilo halihitaji mpinzani. Linaanza ukiwa umechuchumaa kwenye nyasi nene au mchanga wa mtoni, na mtoto wa miaka saba hulishika haraka kuliko baba yake. Hata ikitokea judo haikufika Matombo kamwe, somo hilo na mieleka ya utotoni kwenye mchanga, ile ya kukamatana kiunoni na kupigana ngwara, vinapatikana leo, bila ada.

Kwa wanaotaka kuifikisha, wakati mzuri wa kujenga ni kuanzia Juni, masika yakiwa yameisha na mpunga unakobolewa, pumba zimerundikana kwenye mashine na mwenye mashine anafurahi mtu akizizoa. Ukumbi upatikane kwanza, kwa barua na muhtasari wa kikao, halafu mwalimu aje aukague, halafu mbao. Turubai linunuliwe la mwisho kabisa. Likinunuliwa mapema, mtalikuta nyumbani kwa mweka hazina, limeanikiwa mpunga.